SOMO: Jinsi ya kupata wenza wa matembezi marefu ya kiangazi

Habari zenu wakuu. Kila kiangazi kikikaribia napokea ujumbe uleule: "Nitapata wapi watu wa kutembea nao?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo naweka yote hapa.

Hatua ya 1. Chagua njia na tarehe kabla hujatafuta mtu.

Hatua ya 2. Andika tangazo lenye namba. "Napenda milima" haimsaidii anayesoma. Taja kilomita kwa siku, mita za kupanda, saa ya kuamka, na kama unalala hemani au kwenye vibanda. Hujui mwendo wako? Anza na kanuni ya Naismith ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 20 zenye mita 1,200 za mlima ni saa 6 bila mapumziko. Jipime, kisha andika wazi unazidi au unapungua kwa kiasi gani.

Hatua ya 3. Ongeeni kwa simu, msiishie kwenye meseji.

Hatua ya 4. Safari ya majaribio: usiku 2, mizigo kamili. Siku ya kwanza kila mtu ni mpole. Mtazame asubuhi ya pili, miguu ikiuma na hema limelowa umande.

Hatua ya 5. Mizigo. Hapa ndipo nilipokosea, naomba msome polepole. Tulikuwa wawili, tukagawana vitu ili kupunguza uzito: mimi hema, yeye fito zake, jiko na chujio la maji. Siku ya nne mwendo ukatushinda kulinganisha. Akatangulia, tukaahidiana kukutana kambini. Ukungu ukashuka, nikakosea njia panda. Usiku ule nilijifunika turubai la hema kama shuka, mvua ikininyeshea, sina moto wala maji ya kuaminika. Yeye alikuwa kambini na fito zisizo na hema. Nilitetemeka hadi alfajiri. Hatukuwa tumegombana. Hatukuwa tu tumefikiria kwamba tunaweza kutengana.

ONYO: kila shanta liweze kumlaza mwenye nalo usiku mzima akiwa peke yake. Yaani pa kujikinga na mvua, nguo ya joto, chakula, dawa au chujio la maji, ramani, tochi. Jiko mnaweza kuchangia. Hema na fito zake MSITENGANISHE KAMWE, hata mwenzako alalamikie uzito vipi.

Hatua ya 6. Kubalianeni mapema namna ya kuachana. Aliye mbele asubiri kila njia panda. Na vibali: kwenye Pacific Crest Trail ya Marekani, zaidi ya kilomita 4,200, kila mtembeaji wa safari ndefu huomba kibali chake, na wanaoanzia kusini ni 50 tu kwa siku. Mkichelewa kupatana tarehe, mmoja anapata na mwingine anakosa.

MASWALI

Mtafutaji: Mkuu niunganishe na kundi lolote, niko tayari.
Jibu: Njia gani? Tarehe gani? Rudi hatua ya 1 na ya 2.

Shanta_Jepesi: Unatisha watu. Mimi nilitembea wiki mbili na mtu nisiyemjua, hema moja, hakuna kilichotokea.
Jibu: Nafurahi mlifika salama. Mimi niliwahi kulala chini ya turubai kwenye mvua, na sitafuta onyo hilo.

Mtafutaji: Hatua ya 4 lazima? Sina muda.
Jibu: Lazima.

Nyayo_Ndogo: Shikamoo. Mimi ni mwanamke na mwendo wangu ni wa taratibu. Naogopa kuandika ukweli nikakosa mtu, na pia naogopa kuwa na mgeni mmoja porini.
Jibu: Marahaba, dada. Andika ukweli, wa taratibu wako wengi, nao wanatafutana. Kutana nao kwanza mahali penye watu, lala kwenye hema lako, na umwachie ndugu ratiba na majina yao. Ukiona moyo unasita, ondoka. Huna deni la maelezo kwa mtu. Njia nyingine ni kuanza peke yako kwenye njia yenye watu wengi. Tour du Mont Blanc ni kama kilomita 170, inapita Ufaransa, Italia na Uswisi, na wengi huizunguka upande mmoja. Jioni mnakutana walewale kwenye vibanda, kwa hiyo unamwona mtu akiwa amechoka kabla hujaamua kuongozana naye.

Nyayo_Ndogo: Asante sana. Na tukipotezana?
Jibu: Swali zuri. Kila mtu avae filimbi kifuani, isikae ndani ya shanta. Ishara ya dhiki milimani ni milio 6 ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Anayekusikia hujibu kwa milio 3.

Kisigino: Tukiwa hapohapo kwenye usalama, malengelenge je?
Jibu: Bandika plasta pale ngozi inapoanza kuchoma, usingoje ivimbe. Na mwambie mwenzako asimame. Wengi huvumilia kwa kuona haya kumchelewesha, kesho yake hawatembei kabisa.