Kabla ya kununua kamera za kifuani za polisi

Kamera ya kifuani ni kifaa kidogo anachovaa askari, chenye kitufe cha kurekodi, na udogo huo ndio unaowaponza wakuu wengi wa polisi, kwani huanza kuulizia bei ya kifaa ilhali gharama na ugumu vimo katika video zenyewe.

Andikeni kwanza tatizo mnalotaka kulitatua. Ikiwa ni malalamiko ya raia kuhusu kupigwa, msitegemee kamera peke yake: huko Washington, D.C., utafiti uliohusisha askari zaidi ya 2,000, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2017, haukuona tofauti ya maana katika matumizi ya nguvu kati ya waliovaa kamera na wasiovaa.

Kanuni za matumizi zitangulie zabuni. Kamera nyingi hurekodi mfululizo huku zikifuta zenyewe picha za nyuma, kisha askari anapobonyeza kitufe huhifadhi pia sekunde chache zilizotangulia, mara nyingi bila sauti. Maana yake ni kwamba anayeamua mahakama ione nini ni askari mwenyewe, isipokuwa kanuni imbane: awashe kabla hajashuka garini, asizime mpaka tukio liishe, na akilazimika kuzima mapema atamke sababu huku kamera ikirekodi. Asiwe na uwezo wa kufuta, na kila anayefungua video jina lake na saa viandikwe na mfumo.

Hesabuni pia hifadhi. Askari 100 wakirekodi saa 2 kwa siku, kwa gigabaiti 1.5 kila saa, watazalisha gigabaiti 300 kwa siku, yaani takriban terabaiti 110 kwa mwaka. Mkataba useme video ni mali ya nani na zitahamishwaje mkataba ukiisha. Muuzaji anayegawa kamera bure mwaka wa kwanza si mkarimu kama anavyoonekana, kwani gharama ya kuhifadhi video hubaki kwenu.

Kwa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka tathmini ya athari kwa ulinzi wa data ifanyike kabla ya kuanza kuchakata taarifa za watu, kama hizi video, kwa namna yenye hatari kubwa kwa haki zao. Ifanyeni kabla ya kusaini.

Jaribio lisiishie makao makuu. Pelekeni kamera kwenye kituo ambacho umeme hukatika na mtandao unasuasua, mkaone askari wa zamu ya usiku akirudi alfajiri atazichajije, na video zake zitafika kwenye seva baada ya siku ngapi.