Kuchora mwili kwa namna ya Wakaro wa bonde la Omo

Weka brashi pembeni. Wakaro, wanaoishi ukingo wa mashariki wa mto Omo, kusini mwa Ethiopia, kwenye vijiji kama Duss na Korcho, huchora sana kwa vidole, na ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu wa sanaa.

Rangi ni chaki nyeupe, jiwe la manjano, ngeu, yaani udongo mwekundu, na mkaa. Saga kila moja peke yake mpaka iwe laini kabisa, kisha tia maji kidogo kidogo upate uji mzito. Maji yakizidi, rangi hutiririka na alama hazishiki.

Anza na nyeupe. Paka kifua kizima, na kabla hakijakauka pitisha ncha za vidole kutoka juu kwenda chini, ngozi ionekane katikati ya mistari. Usoni piga madoa madogo, karibu karibu, ukifuata manyoya ya kanga, ndege ambaye Wakaro hupenda kumwiga. Usipime kwa rula! Napenda mkono unaokwenda haraka bila woga. Mgongo mwachie mwenzako.

Makovu ya kifuani ya Wakaro usiyaige hata kwa rangi. Hukatwa kwa wembe na kupakwa majivu ili yavimbe. Kwa mwanamume yaliweza kuonyesha kwamba ameua adui au mnyama hatari. Hayo ni historia ya mtu, tuyaheshimu.

Ukifika Korcho, patana na mtu malipo kabla ya kumpiga picha.

Kujisafisha, maji na sabuni vinatosha.