Somo: Zoezi la nafsi, kutoka Idi Ndogo hadi Idi Kubwa

Assalaam aleikum. Kila mwaka watu wa kikundi chetu cha hisa hapa Wete, Pemba, wananiuliza suali lile lile, nami kila mwaka nawajibu juu juu, cherehani inakwenda na pini ziko mdomoni. Safari hii nimekaa nikaandika.

Suali lenyewe: vipi mtu aliyeamka daku mwezi mzima, mchana kutwa asiguse sigara wala chai, ikifika siku ya tatu ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, anashindwa hata kumeza dawa yake kwa wakati?

Wengi husema imani imepungua. Mimi naona tunamwonea. Ramadhani inabebwa na nguzo nyingi: mikahawa imefungwa mchana, jirani anagonga dirisha usiku, magharibi inajulikana kwa dakika, nyumba nzima inafutari pamoja, na kila unayekutana naye anajua leo chungu cha ngapi. Asubuhi ya Idi nguzo zote zinang'olewa kwa pamoja, na paa linatakiwa lisimame peke yake. Basi ukijipangia zoezi lako, yaani tabia unayotaka kuishika kila siku kutoka Idi hadi Idi, kazi kubwa ni kusimamisha nguzo. Ukaidi wa roho hautoshi, nimeshaujaribu.

Muda. Utasikia watu wanasema siku 21. Hizo zinatokana na Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji siku zisizopungua kama 21 kuzoea sura mpya. Neno "zisizopungua" likadondoka njiani, ikabaki 21. Baadaye Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja na tabia yake mpya, kama kunywa maji wakati wa kula au kukimbia kabla ya chakula cha usiku. Kwa kawaida ilichukua kama siku 66 mpaka jambo likawa linajifanya lenyewe. Ila wepesi walimaliza kwa siku 18, na wazito walikadiriwa kufika 254.

Sasa hesabu mwenyewe: kutoka mosi Mfunguo Mosi hadi kumi Mfunguo Tatu, siku ya Idi Kubwa, ni siku 67 hadi 69, kwa kutegemea mwezi unavyoandama. Kipimo tunacho, na kwenye kalenda ya ukutani kimeshaandikwa.

HATUA YA 1: Kitu kimoja

Mwaka wa kwanza nilijipangia vitano: kuamka saa kumi alfajiri, kutembea hadi bandarini, kuacha sukari, kusoma juzuu, kuandika hesabu za duka. Siku ya tisa mtoto akashikwa na homa, vikaanguka vyote vitano kwa siku moja. Ukifunga ng'ombe watano kamba moja, mmoja akijikwaa ndio basi.

Mwaka uliofuata nikachukua kimoja tu, hesabu za duka, na sikukichagua kwa uzuri wake. Kulikuwa na mama aliyenipa arbuni ya 20,000 kwa madira mawili, nami nikasahau. Siku ya kuchukua nguo nikamdai pesa yote mbele ya wifi zake. Hakugomba. Alitoa simu, akanionyesha ujumbe wa siku aliyolipa, akasubiri. Mpaka leo nikimwona sokoni uso unanipata moto. Chagua jambo linalokuchoma hivyo. Yale ya kupendezea watu yaache.

HATUA YA 2: Lipime kwa siku mbovu

Fundi hashoni gauni kwa kipimo cha mtu aliyevuta pumzi ndani. Wengi wetu tunapanga zoezi kwa siku nzuri, siku umelala vya kutosha, umeme upo na wageni hawapo. Panga kwa siku unayotoka mazikoni, mvua inanyesha na kichwa kinauma. Miaka hii kipindi hiki kinaangukia masika, na mnaijua masika ya Pemba. Siku kama hiyo unaweza nini? Mimi: mistari miwili, kilichoingia na kilichotoka. Hicho ndicho kiwango. Siku nzuri ongeza upendavyo, lakini ziada haihesabiwi.

Hadithi ya Bi Aisha tumeisoma sote chuoni, kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ndogo. Tunaitaja sana kwenye mawaidha, kisha tunajipangia kurasa hamsini kwa usiku.

HATUA YA 3: Litungike kwenye msumari uliokwisha gongwa

Usiseme "nitaandika jioni". Jioni ni pana. Sema "nikishazima pasi, kabla ya kufunga mlango, naandika". Mtaalamu wa saikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya mipango ya namna hii, yaani likitokea kadha nitafanya kadha, na tafiti nyingi zimeonyesha inasaidia kuliko nia tupu. Sisi misumari tunayo mitano kwa siku, sala zetu tano. Tena tuko karibu na ikweta, magharibi yetu haisogei hata saa nzima kutoka mwanzo wa mwaka hadi mwisho. Huko Ulaya kaskazini ingekuwa shida.

HATUA YA 4: Liweke njiani

Daftari langu halikai kabatini. Jioni nikimaliza kuandika nalilaza juu ya cherehani, nashusha ule mguu unaokandamiza kitambaa, nalibana hapo hapo. Asubuhi siwezi kushona hata mshono mmoja kabla ya kulinyanyua, na kulinyanyua ni kuuona ukurasa wa jana. Ukiwa mtupu unaonekana. Kalamu nimeifunga kwa uzi, maana kalamu dukani kwangu zina miguu.

HATUA YA 5: Alama, na sheria ya kukosa

Chora alama kwenye kalenda kila siku. Ukikosa, usifute wala usilipize mara mbili kesho yake. Watafiti wale wa London waliona kukosa siku moja hakuharibu tabia inayojengeka. Sheria yangu ni moja: ya pili isifuatane na ya kwanza.

HATUA YA 6: Shahidi mmoja

Mmoja, asiwe mtaa mzima. Ukitangaza barazani utapongezwa kabla hujafanya kitu, na pongezi hushibisha. Wangu ni mtoto wa dada. Kila Ijumaa anafungua daftari, anahesabu, anasema namba, basi. Nilimkataza kunihurumia.

HATUA YA 7: Andika mapema siku ya 70 itakuwaje

Hapa ndipo mazoezi mengi yanapokufa, na ndiyo maana wazee wetu hawakuiachia Ramadhani ikatike ghafla. Mtu anaingia kwenye saumu sita za Mfunguo Mosi, kisha wengine wanashika Jumatatu na Alhamisi. Amua kabla ya Idi Kubwa nini kinabaki na nini kinapungua. Mimi nimepunguza shahidi, sasa ni mara moja kwa mwezi. Msumari na daftari sikuvigusa.

MASUALI YA WANACHAMA

Mvuvi, Kojani: Fundi, mimi nikienda dago, kambi ya uvuvi, wiki tatu siko nyumbani, kalenda iko ukutani. Zoezi langu ni kuweka 2,000 kila siku.

Jibu: Kaka, usilitungike kwenye nyumba, litungike kwenye chombo. Mkishagawana tu, kabla mkono haujaingia mfukoni, ya akiba inaingia kwenye kopo. Na maji mafu yakija, bahari haijai wala haitoki sana, siku hamtoki, andika sufuri. Sufuri iliyoandikwa inahesabika, kwani zoezi ni kukaa na kopo lako kila siku.

Mama, Mtambile: Wakati wa karafuu sina jioni. Tunachambua mpaka usiku, mikono imechoka, nikikaa nasinzia.

Jibu: Basi, bibie, jioni si msumari wako msimu huo. Hamishia alfajiri, ukishasali, kabla ya kuanika majamvi. Lakini hamisha kwa kupanga, siku moja kabla. Kuhamisha baada ya kukosa ni kujitetea.

Mwanafunzi, Tunguu: Mimi sitaki kuanza kitu, nataka kuacha. Simu usiku.

Jibu: Mwanangu, kuacha hakuna alama ya kuchora, ndiyo tabu yake. Geuza liwe tendo: ukishasali isha, simu inakwenda kuchajiwa chumba chengine, na saa ya kukuamshia nunua ya mezani. Siku ukiifuata simu huko, angalau umenyanyuka kitandani na umejiona.

Mwalimu wa skuli, Micheweni: Tukiwekeana faini je? Sisi tumeanza, 1,000 kwa kila siku ya kukosa.

Jibu: Mwalimu, kwa wiki za mwanzo faini inatia adabu. Nilichokiona kikundini ni kwamba mtu akikosa mara tatu anaona kalipa, kamaliza, kama aliyenunua ruhusa. Tena wenye nacho wanalipa wanacheka. Kama lazima, faini iwe ya kazi: aliyekosa anafagia ukumbi wa mkutano.

Baba, Chake Chake: Daktari kanambia nitembee kwa ajili ya sukari. Siku mbovu nitembee kiasi gani?

Jibu: Kiwango cha hospitali kakupangia daktari, muulize yeye, mimi ni mshona nguo. Ninachoweza kukwambia ni viatu vikae mlangoni, pua zimeelekea nje.

Dada, Wete: Samahani Fundi, lakini Jumanne nimepita dukani, lile daftari lako ukurasa ulikuwa mtupu.

Jibu: Kweli, Jumanne nilikuwa mazikoni Gando, nimerudi baada ya isha. Jumatano mistari miwili ipo. Na kanzu ya mumeo iko tayari, umebakisha 8,000, imeandikwa.