Jinsi ya kupima na kusaidia uwezo wa kufikiri kwa mgonjwa wa Parkinson

Mpime takriban saa moja baada ya kumeza levodopa, dawa kuu ya Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na ukakamavu), mwili ukiwa haujakakamaa. Dawa ikiwa imeisha nguvu, alama zitashuka bure. Kipimo cha MoCA, maswali mafupi ya kumbukumbu na kufikiri, huchukua kama dakika 10. Jumla ni alama 30. Chini ya 26 huashiria tatizo, ila asiyesoma sana hupata chache hata akiwa mzima. Kwa hiyo muulize pia anayeishi naye: bado anahesabu chenji? Anapanga dawa zake mwenyewe?

Kosa tunaloliona mno ni kumkatiza. Uso usioonyesha hisia na jibu linalochelewa ni dalili za Parkinson, si usahaulifu. Hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kurudia swali.

Kagua dawa. Benzheksoli hupunguza mtetemo lakini huvuruga kumbukumbu, hasa za wazee. Daktari aipunguze polepole, isikatwe ghafla. Aliyechanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu, tafuta kwanza malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini.

Mazoezi: kazi moja kwa wakati mmoja. Kuvaa shati kugawe hatua nne, aseme kila hatua kwa sauti. Akitembea, asisemeshwe, maana anaweza kukwama au kuanguka.