Somo: Kusimama mabu bila kuharibu magoti

Kila wiki naulizwa hili inbox, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Mabu, yaani mkao wa farasi, ni msingi wa mitindo mingi ya kung fu ya Kichina: Shaolin, changquan, Hung Gar.

1. Pasha mwili.

2. Tanua miguu karibu mara mbili ya upana wa mabega. Nyayo zitazame mbele.

3. Shuka. Hapa ndipo nilipoumia, kwa kulazimisha mapaja yalale sambamba na sakafu kabla hayajawa na nguvu. Usianze na magoti. Anza na nyonga: rudisha makalio kama unayekalia kigoda, magoti yatakunjika yenyewe. Kila goti lifuate vidole vya mguu wake. Likiingia ndani, kiungo kinapindwa huku kimebeba uzito. Paja likiwaka moto, vumilia. Ukisikia kichomi ndani ya goti, inuka papo hapo, usisubiri kumaliza hesabu.

4. Mgongo wima, ngumi kiunoni, pumua kwa pua.

5. Sekunde 30, pumzika, rudia mara 3. Ongeza muda kwanza, kina baadaye.

Maswali na maoni yenu, na majibu yangu:

Mkuu, nikae muda gani?
Hatua ya 5.

Kuna video jamaa kashuka chini kabisa. Unatupotosha.
Sijakataza kushuka. Nimekataza kushuka kabla ya wakati. Rudia hatua ya 3.

Samahani mwalimu, mbona kwenye mtindo wa Wing Chun magoti huingia ndani?
Umeangalia vizuri. Kwao vidole vya miguu navyo huelekea ndani, kwa hiyo goti na vidole bado viko njia moja. Halafu mkao ni wa juu na mwembamba, maana wanapigana karibu karibu. Changquan ya kaskazini ina mateke marefu na kuruka, ndiyo maana inataka mapaja yenye nguvu ya mkao mpana. Ukipenda kusimama, tafuta pia mtindo wa Yiquan. Wang Xiangzhai, mwanzilishi wake na mwanafunzi wa Guo Yunshen wa mtindo wa xingyi, aliweka kusimama kuwa kiini cha mazoezi: magoti yamelegea kidogo tu, mikono duara mbele ya kifua, akili ikifanya kazi.

Mama ana magoti mabovu, naye aanze mabu?
Hapana. Amwone daktari kwanza. Akiruhusiwa, ajaribu taijiquan (tai chi) fupi ya mikao 24, iliyotungwa China mwaka 1956, asishuke sana.

Nyongeza: msifanye na soksi kwenye vigae.
Kweli kabisa, miguu hutelezea nje. Peku, au raba za soli bapa.