Namna ya kumrekodi bibi anayesema "mimi nilikuwa napika tu"

Bibi yangu anakaa Majengo, Moshi. Miaka yote nikimuuliza habari za TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, jibu ni lile lile: "Siasa walifanya wanaume na Bibi Titi. Mimi nilikuwa napika tu." Kumbe mkosaji nilikuwa mimi, maana nilikuwa namuuliza kama mwalimu wa historia.

Ukitaka simulizi ya mama wa enzi zile, "ulipigania vipi uhuru" iache. Anza na sufuria. Ulipika nini, kwa ajili ya nani, kuni kaleta nani? Nilipouliza hivyo ndipo yakatoka: pilau ya Jumapili ilikuwa ya wageni wa mkutano, na kadi za chama zilifungwa kwenye khanga, zikalazwa chini ya kapu la ndizi. Alivyosema, ungedhani ananielekeza kwenda sokoni.

Kisha uliza ngoma. Hapa wengi tunaparuka. Mwaka 1955 kule Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, aliwaendea viongozi wa vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani. Vikundi vilikuwa na wakubwa wao, michango yao, sare zao; ukimpata kiongozi umewapata na wenzake. Basi uliza: mkubwa wenu nani? Mlichanga kwa nini? Asiyekuja alifanywaje?

Usimdai tarehe. Muulize, "Wakati huo ulikuwa umemzaa nani?" Bibi alisema mama yangu alikuwa mgongoni, anaota meno. Mama ni wa 1958, mwaka ambao mkutano wa TANU kule Tabora ulikubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alimchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kwa Moshi kuna kigingi kingine cha kushikizia tarehe: Lucy Lameck, mzaliwa wa Njoro hapa hapa, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1960 na baadaye akawa naibu waziri. Mtaje, uone bibi atakavyokaa sawa kitini.

Simu iweke hali ya ndege. Mimi sikuweka. Binamu akapiga, kurekodi kukakatika, nami nikaendelea kutikisa kichwa nusu saa nzima. Wiki iliyofuata Bibi alirudia, lakini mambo mawili matatu hakuyasema tena. Funga na mlango wa barabarani, bodaboda hazina adabu.

Nilipogusa 1969, mwaka Bibi Titi alipokamatwa kwa uhaini (alihukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972), bibi yangu alinyamaza. Akavuta ungo, akaanza kuchambua mchele aliokwisha kuuchambua. Ulimi uliniwasha, nikauzuia. Baada ya muda mrefu akasema, "Zile khanga tulizikunja, tukaziweka." Basi. Nimeandika hivyo hivyo, na ukimya nimeuandika pia, kwa dakika zake.

Ukimaliza kuandika, rudi umsomee kwa sauti, polepole, akiwa hana haraka ya swala wala chakula jikoni. Niliposoma pale askari alipotokea njiani na kapu likiwa kichwani, alinikatiza.

"Hapo umeandika nilikimbia."

"Ndiyo, Bibi."

"Futa. Sikukimbia. Nilitembea haraka."