Namna ya kuingia kazi ya afya ya jamii na mashuleni huku kwetu Kusini

Mdogo wangu uliyemaliza fomu foo uko zako Newala au Nachingwea unasubiri korosho ziive, kama unapenda afya usidhani lazima uwe daktari au nesi. Kuna kazi ya kuzuia watu wasiumwe, na huku kwetu ina nafasi kubwa sana.

Njia ya kwanza ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Serikali ilizindua mpango mpya Januari 2024, mafunzo ni miezi 6, na majina ya wanaochaguliwa yanaanzia kijijini kwenu, kwa iyo kama hata mwenyekiti wa kitongoji hakujui anza kuhudhuria mikutano ya kijiji leo. Ya pili ni kusomea afya ya mazingira, yule tunayemwita bwana afya au bibi afya. Diploma miaka 3, Biolojia na Kemia usizipuuze, vyuo vipo mfano Mpwapwa na Ngudu kule Kwimba, na digrii ipo Muhimbili. Maombi na sifa soma kwenye mwongozo wa NACTVET, lile baraza la taifa la elimu ya ufundi, mwenyewe, usimpe mtu hela akuombee. Ukimaliza ujisajili kwenye baraza la taaluma yako.

Sasa hayo ni makaratasi, kazi yenyewe ndo nataka tuongee. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilipanga kikao cha kingatiba, yani kumezesha watu dawa za kuzuia matende na mabusha, saa 3 asubuhi mwezi wa 10, nikakaa chini ya mwembe na wazee 4 maana kijiji kizima kipo shambani kinaokota korosho, niliumia sana siku ile. Toka hapo kila kitu napanga kwa kalenda ya watu wenyewe, korosho, Ramadhani, unyago wa likizo. Na usiende na lugha ya kitabu. Mzee akikwambia busha linaletwa na madafu usimcheke wala usimkatize, msikilize amalize, alafu muulize mbona kuna wanywa madafu wengi hawana, hapo ndo unamleta mbu taratibu, unamweleza dawa tunazomeza, ivermectin na albendazole, zinaua vijidudu vichanga kwenye damu ili mbu asivipeleke kwa mjukuu wake. Mjukuu akitajwa mzee anakusikiliza.

Shuleni anza na choo kabla hujafungua mdomo. Hesabu matundu, mwongozo wa vyoo vya shule unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25, andika namba yako umpelekee mwalimu mkuu kwa heshima, muulize pia wasichana wakiwa hedhini wanajisitiria wapi, manake wengine wanabaki nyumbani siku zile na hakuna anayesema. Maji yakiwa shida kama huku juu Makondeni, fundisha kibuyu chirizi, kile cha kunawia mikono bila kukishika: dumu la lita 5, tundu dogo ubavuni karibu na mfuniko, ulitundike kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo, kamba ifungwe kwenye shingo ishuke mpaka kijiti cha kukanyaga kwa mguu, na sabuni ining'inie pembeni. Wape watoto wa darasa la 5 watengeneze wenyewe, wakitengeneza wenyewe wanakilinda.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ndo itakupa maswali magumu. Ilianza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na 2024 ikawa dozi 1 kwa miaka 9 mpaka 14. Utasikia uzushi kwamba inaua uzazi. Usijibizane kwenye grupu la wasapu, nenda nyumbani, kaa na mama na bibi maana bibi ndo mwenye neno la mwisho, na kama unaweza mtafute nyakanga wa hapo, yule mkuu wa unyago, mapema umweleze vizuri, akikubali yeye kazi yako imepungua nusu.

Wiki hii nenda zahanati ya kijiji chenu, mwombe mganga mfawidhi, yani mkuu wa zahanati, ukasaidie siku ya kliniki ya watoto, kupima uzito na kuandika majina, na uende na daftari lako.